Nani Atashika Nafasi Yako?



Kuna swali moja ambalo wafanyakazi wengi wa nchi yetu wamelizoea kama walivyoizoea kengele ya asubuhi. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, au miaka miwili, bila kupumzika. Siku moja anavaa shati safi, anaandika barua yake kwa adabu, anabisha hodi kwa mkubwa wake na kuomba likizo, au konji kama tusemavyo huku kwetu. Mkubwa anaisoma barua, anakuna kichwa, halafu anauliza: «Nani atashika nafasi yako?» Mfanyakazi hana jibu. Anarudi kazini, na barua yake inalala katika mtoto wa meza.

Swali hilo haliulizwi kwa ubaya siku zote. Mara nyingi mkubwa mwenyewe ni mtu mwema, naye asema kweli: watu hawatoshi. Wauguzi ni wachache, walinzi ni wachache, makarani ni wachache, na kazi haingoji. Lakini neno haliwi la haki kwa sababu ni la kweli tu. Tupime vizuri: upungufu wa watu ni deni la nani? Ni deni la yule anayeajiri na kupanga, au la yule anayeshinda kazini tangu alfajiri? Twasema wazi tangu mwanzo: swali hilo ni la lazima, lakini anaulizwa mtu asiyepaswa kulijibu.

MKUNGA NA MSIBA WAKE

Tuseme kuna mkunga katika kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Tanganika. Wakunga ni wawili tu kwa kazi yote ya uzazi, mchana na usiku. Siku ya Jumatano analetewa habari kwamba mama yake mzazi amefariki kijijini. Anakwenda kwa msimamizi wa kituo.

«Baba, nimefiwa na mama. Naomba ruhusa nikamzike.»

«Pole sana, Mama. Msiba huu ni wetu sote. Lakini mwenzako yu na homa tangu jana, na wajawazito watatu wamelala mle ndani. Nani atashika nafasi yako?»

«Sijui, Baba.»

«Basi, ngoja hata Jumamosi. Tutaona.»

Siku ya Jumamosi mama yule amekwisha zikwa.

Msimamizi huyo si mkatili; pengine alitoa mchango wa matanga kutoka mfukoni mwake. Mkunga naye si mtoro. Na wale wajawazito watatu wana haki ya kusaidiwa. Ubaya haukuanza Jumatano ile. Ulianza mwezi wa kwanza, wakati hesabu ya watu ilipofanywa kana kwamba mwaka mzima hakuna atakayeugua, wala atakayefiwa, wala atakayezaa, wala atakayechoka.

HESABU YA ZAMU

Wanafunzi wanaosoma gazeti hili wachukue kalamu. Juma lina siku 7, na kila siku ina saa 24. Jumla ni saa 168. Sheria ya kazi ya Kongo inamwekea mfanyakazi mpaka wa saa 45 kwa juma. Basi, mahali panapotakiwa mtu mmoja awepo usiku na mchana, kama vile chumba cha uzazi au lango la kiwanda, gawanya 168 kwa 45: utapata 3 na zaidi ya nusu. Yaani watahitajiwa watu 4 kwa nafasi hiyo moja, ili kila mmoja akae ndani ya saa zake.

Tuendelee. Watu 4, kwa saa 45 kila juma, katika majuma 52, wanatoa saa 9.360. Nafasi yenyewe inahitaji saa 8.736. Zinabaki saa 624. Toa konji ya siku 12 kwa kila mmoja, kila siku ikihesabiwa kuwa saa 7 na nusu: hizo ni saa 360. Zinabaki saa 264 tu kwa magonjwa yote na misiba yote ya watu wanne, mwaka mzima. Sasa mmoja wao akijifungua mtoto, sheria inampa majuma 14 ya kupumzika, nayo ni saa 630. Akiba imekwisha, na deni limeingia. Kwa hiyo mwenye busara huajiri mtu wa tano, au humfundisha mapema mtu wa kusaidia wakati wa haja.

Lakini mahali pengi utakuta watu wawili: mmoja wa mchana, mmoja wa usiku. Hao wanafanya kazi saa 84 kila mmoja kwa juma, karibu maradufu ya mpaka wa sheria. Hapo mmoja akienda konji, mwenzake anabaki na saa zote 168. Ndiyo sababu mwenzake humtazama kwa jicho baya anayeomba ruhusa, na kusema kwamba anamtupia mzigo. Upungufu wa watu umewafanya ndugu wawili kuwa maadui, wala hakuna kati yao aliyeuleta.

FARAO NA YETRO

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wakubwa wa namna mbili.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba Musa na Haruni walikwenda kwa Farao kumwomba ruhusa, watu wa Israeli waende safari ya siku tatu jangwani kumtolea Mungu sadaka. Siku tatu tu! Farao alijibu kwamba watu hao ni wavivu. Siku ile ile akaamuru wasipewe tena majani makavu ya kutengenezea matofali. Wajitafutie wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Angalieni mambo mawili. Aliyeomba mapumziko aliitwa mvivu. Na msaada ulipunguzwa, lakini kazi ikabaki ile ile. Mfanyakazi wa leo akisikia habari hiyo haioni kuwa ya zamani sana.

Katika kitabu kile kile, sura ya 18, yuko mkubwa mwingine, Yetro, baba mkwe wa Musa. Alimkuta Musa ameketi peke yake akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama wakingoja. Yetro akamwonya kwamba kazi ile itamchosha yeye, na kuwachosha watu pia. Akamshauri achague watu wacha Mungu wasiopenda rushwa, awaweke wawe wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Yetro hakumwambia Musa avumilie tu. Alimwambia aongeze watu. Wahenga wetu nao walilijua jambo hilo waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena, amri ya siku ya pumziko haikumhusu mwenye nyumba peke yake. Mungu aliwataja mtumwa, mjakazi, mgeni, ng'ombe, hata punda. Punda wa Israeli aliwekewa siku yake, lakini sisi twasikia kila siku: «Afe punda, mzigo wa bwana ufike.» Mkristu na ajiulize maneno hayo yatoka kinywani mwa nani.

Bwana wetu Yezu Kristu naye, mitume waliporudi kutoka safari yao ya kuhubiri, aliona kwamba watu wanaokuja na kwenda ni wengi mno, hata mitume hawapati nafasi ya kula. Akawaita waende naye kwa mashua mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Kazi ilikuwa haijakwisha. Watu waliwafuata kwa miguu, nao walikuwa na haja kweli. Lakini Mwinjili Marko anatuambia kwamba Yezu mwenyewe ndiye aliyewahurumia na kuanza kuwafundisha. Mkubwa alitangulia kubeba mzigo.

KANISA NA SHERIA VYASEMAJE

Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa barua yake kubwa juu ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Alifundisha kwamba pumziko lapaswa kulingana na nguvu ambazo kazi imezimaliza, na kwamba katika kila mapatano ya kazi mna sharti hili, liwe limetajwa au halikutajwa: mfanyakazi apate pumziko la roho na la mwili. Tarehe 14 Septemba 1981, Papa Yohane Paulo II, katika barua Laborem Exercens, alilihesabu pumziko kati ya haki za mfanyakazi: pumziko la kila juma, angalau siku ya Dominika, na pumziko refu zaidi mara moja kwa mwaka.

Serikali za dunia nazo zilifika huko polepole. Mwaka 1936 wajumbe wa mataifa huko Geneva walikubaliana juu ya likizo ya kila mwaka yenye malipo, wakasema kwamba mapatano yo yote ya kuiacha haki hiyo ni bure. Mwaka 1948 Tangazo la Haki za Binadamu, katika kifungu chake cha 24, liliitaja haki ya kupumzika.

Hapa kwetu njia ilikuwa ndefu. Chini ya dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mapatano ya kazi aliweza kufungwa. Hayo yamepita, lakini hofu hurithiwa. Wako watu hata leo wanaotetemeka wakiomba ruhusa, kana kwamba wanaomba msamaha wa kosa. Wajue kwamba Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi aliyepita umri wa miaka 18 angalau siku moja ya kazi ya konji kwa kila mwezi mzima wa utumishi. Aliye chini ya umri huo ana siku moja na nusu. Tena siku moja huongezwa kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yule yule. Basi mwenye miaka kumi ya utumishi ana siku 14 kwa mwaka.

Mbali na konji hiyo, ziko siku za mambo yanayompata kila mtu: siku 2 anapooa au kuolewa, siku 2 mke wake anapojifungua, siku 1 mtoto wake anapofunga ndoa, siku 4 anapofiwa na mume au mke, mzazi au mtoto. Yule mkunga wetu alikuwa na siku nne zake kwa sheria. Hakuomba zawadi. Watumishi wa Serikali nao wana sheria yao ya mwaka 2016, na humo pia likizo imeandikwa.

ANAYEDHURIKA SI MMOJA

Wengine watasema: mtu akinyimwa konji, atachoka, basi. Sivyo. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na wa mkono kama mtu ambaye damu yake ina nusu gramu ya pombe katika kila lita. Sisi hatungekubali mwuguzi mlevi amchome sindano mtoto wetu. Hatungepanda lori la dereva mlevi kwenye barabara ya milimani. Lakini twakubali kwamba wakeshe usiku na kufanya kazi tena mchana, na twauita huo bidii.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, pamoja na Shirika la Kazi la Kimataifa, walitangaza kwamba katika mwaka 2016 watu wapatao 745.000 walikufa duniani kwa kiharusi na kwa ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mkumbuke yule mlinzi wa saa 84.

Na nyumbani je? Watoto wanamjua baba kama mtu alalaye mchana, ambaye haifai kumpigia kelele. Mke anakwenda Misa peke yake. Wazazi wazee kijijini wanapokea fedha kidogo kwa njia ya simu, lakini hawauoni uso wa mtoto wao. Mtoto anapokea Komunio ya kwanza, na mahali pa mzazi ni patupu. Hakuna malipo ya saa za ziada yawezayo kuirudisha siku hiyo.

WAKATI WA HATARI, NA WAKATI WA KILA SIKU

Haifai kusahau upande wa pili. Ziko saa ambapo mtu mwema huiacha haki yake kwa hiari. Mwaka 1995, Ebola ilipolipuka mjini Kikwit, Masista sita Waitalia wa shirika la Maskini wa Bergamo walikufa kati ya Aprili na Mei, kwa kuwa walikuwa wakiwauguza wagonjwa na hawakukimbia. Wauguzi Wakongo pia walikufa pamoja nao. Hao tunawaheshimu, na watoto wetu wafundishwe habari zao.

Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Haitozwi kama kodi. Moto ukiwaka nyumbani, wote huchota maji, hata aliye mgonjwa. Nyumba inayowaka moto kila siku ya mwaka, kila mwaka, haina haja ya kusifu wachotaji. Ina haja ya kuchunguza anayewasha moto. Mahali ambapo «dharura» imedumu miaka mitano, hapana dharura tena. Pana mkubwa ambaye ameona kwamba watu wawili wanaweza kubeba mzigo wa wanne, naye ameacha kuwatafuta wengine. Kwake yeye, mzigo wa mwenziwe ni kanda la usufi.

NENO KWA WAFANYAKAZI

Haki ina adabu zake. Omba konji mapema, kwa maandishi, na utunze nakala ya barua yako. Kabla ya kuondoka, andika katika daftari mambo yote ambayo atakayekufuata atahitaji: funguo ziko wapi, mgonjwa gani anapewa dawa gani, hesabu gani haijafungwa. Rudi siku iliyoandikwa, wala si siku mbili baadaye. Kwani anayechelewa humfungia mlango mwenzake anayengoja zamu yake.

Usiseme uongo. Twawajua watu ambao wamemzika shangazi mmoja mara tatu. Siku shangazi atakapokufa kweli, nani atasadiki? Na kila msiba wa uongo humnyima ruhusa mwenzako mwenye msiba wa kweli.

Usiiuze konji yako. Twajua kwamba mishahara ni midogo na kwamba karo za shule hazingoji. Lakini anayeuza pumziko lake kila mwaka anauza mwili wake kidogo kidogo, tena anamzoeza mwenye kazi kuona kwamba watu wanatosha. Wala usiimalize konji yote katika baa. Baba na mama wakae pamoja mapema, wapange: siku kadhaa kwa wazazi kijijini, siku kadhaa kwa nyumba na watoto, na siku za kulala usingizi bila haya.

Ukikataliwa, usitukane wala usitoroke. Omba kwa upole uandikiwe tarehe nyingine. Ukikataliwa tena, waone wajumbe wa sendika ikiwa wapo. Halafu yuko Mkaguzi wa Kazi, ambaye sheria imempa kazi ya kuwapatanisha pande mbili kabla jambo halijafika barazani. Kumwendea si uasi.

NENO KWA WENYE KAZI

Mwezi wa kwanza, kabla kazi hazijapamba moto, waite watu wako wote, mtandike karatasi mezani, mwandike konji ya kila mmoja mwaka mzima. Anayeona jina lake limeandikwa mwezi wa nane atafanya kazi kwa moyo hata mwezi wa nane. Mfundishe mtu mmoja zaidi kwa kila kazi isiyoweza kusimama. Na unapoandika bajeti, andika mshahara wa mtu wa kushika nafasi, kama unavyoandika mafuta ya gari. Ukiona fedha haitoshi kwa wanne, basi punguza kazi, au fupisha saa za kufungua mlango. Usilidai pengo hilo kwa wawili. Hapo ndipo utakuwa umelijibu lile swali, na wewe ndiwe uliyepaswa kulijibu.

Tena, ndugu msomaji, usidhani kwamba neno hili lawahusu wakurugenzi na makampuni tu. Nani anapika chakula chako? Nani anafua nguo, nani analinda ua wako usiku? Yule msichana aliyetoka kijijini, anayelea watoto wako ili wewe uende Misa, yeye anakwenda Misa saa ngapi? Mara ya mwisho aliwaona wazazi wake lini? Na mission zetu, shule zetu na zahanati zetu nazo zijitazame: mlinzi wa mission ana Dominika yake au hana? Si vizuri kuhubiri haki mbele ya altare, na nyuma ya nyumba yuko mtu ambaye hajalala nyumbani kwake tangu Pasaka.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Seremala yule wa Nazareti alikuwa na mikono migumu, lakini Injili yatuambia pia kwamba kila mwaka alikwenda Yeruzalemu kwa sikukuu ya Pasaka, yeye na Maria. Alifunga karakana, akafunga safari, akaenda pamoja na jamaa yake. Mbao zilimngoja.

Leo jioni, kabla ya sala, kila mwenye mtumishi nyumbani amwite, amketishe, amwulize ni tarehe gani angependa kwenda kwao. Aiandike tarehe hiyo ukutani, mahali watakapoiona wote wawili.